Duara Namba Nne

Dada yangu alipiga simu nikiwa kwenye kibanda changu cha ufundi pale Tarime mjini, akasema mashine imekufa tena, na safari hii imekufa mbele ya wazazi. Hakunisalimia. Huyu ni mtu anayeweza kuuliza habari za ng'ombe wako mmoja mmoja kabla hajafika kwako mwenyewe, kwa hiyo nilijua mambo yameharibika.

"Njoo leo," alisema.

"Leo nina kazi za watu, dada."

"Kwani mimi ni nani? Siyo mtu?"

Nikafunga kibanda.

Alikuwa anafundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya Matongo, na ilikuwa miaka ile dhahabu imewapanda watu kichwani. Kila mwenye sururu alikuwa na duara, yaani shimo lake la kuchimba, na asiyekuwa na duara alikuwa na fungu kwenye duara la shemeji yake. Watu walitoka Geita, walitoka Shinyanga, walivuka kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari wakiwa na koleo mpya begani. Mwalimu wa hisabati aliacha chaki mezani siku moja katikati ya kipindi, akaenda kuchimba, hakurudi hata kuchukua koti lake. Wanafunzi nao walikuwa wanayeyuka. Ukiuliza fulani yuko wapi, wenzake wanakuonyesha kilima kwa kidevu, basi, umeshajibiwa.

Dada alikuwa anapambana na kile kilima kwa mashine moja. Ofisi fulani ya Mwanza ilibadilisha vifaa vyake ikaigawia shule seva ya zamani, dude zito ajabu, na mimi ndiye niliyelifunga. Nililiwekea mfumo wa bure, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kusoma ulivyoandikwa ndani. Kisha nikatandaza nyaya kuzunguka darasa na kuunganisha vioo na kibodi kuukuu, kimoja kwa kila mwanafunzi. Vioo vyenyewe havikuwa na akili yoyote. Akili yote ilikuwa kwenye lile dude la kwenye kona, na vioo viliazima kwake. Likifa lenyewe, darasa zima limekufa.

Na lilikuwa linakufa. Wanafunzi wachache wakikaa, linafanya kazi vizuri kabisa. Darasa likijaa, halimalizi kipindi. Siku ya wazazi darasa lilijaa, na zamu ya kuonyesha ilipomfikia binti ambaye dada alimtegemea kuliko wote, vioo vyote vikawa vyeusi kwa mpigo.

Baba wa yule binti alikuwa mchimbaji, mtu mzima mwenye mabega mapana na maneno machache. Alisimama pale pale. "Mwalimu," alisema, "kwangu binti huyu anachekecha mchanga na anaona chembe ambayo mimi siioni. Hapa anatazama kioo cheusi. Naenda naye." Mlangoni akageuka. "Siku mashine yenu itakapokaa macho darasa limejaa, nitamleta mwenyewe, kwa mkono wangu." Akaondoka na mwanae, na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne ulikuwa Jumatatu iliyofuata.

Hayo yote dada alinisimulia tukiwa jikoni kwake, akinisukumia ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na samaki kama vile anamlisha mtu anayekwenda vitani. "Akikosa mtihani huu, hatarudi tena shule," alisema. "Nawajua. Atazoea kule." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi nikiona dada yangu analia huwa nakasirika, sijui kwa nini. Nikamwambia asijali, kesho jioni mashine itakuwa imepona. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia mbele, mimi nafuata nyuma nikihema.

Kesho yake nililishughulikia lile dude. Kwanza nikalaumu vumbi, nikalisafisha. Halafu nikalaumu joto, nikalifungulia madirisha. Halafu nikalaumu umeme wa jenereta ya shule, ambayo kweli ilikuwa inakohoa. Dada akawaita wanafunzi, wakakaa, darasa likajaa isipokuwa kiti kimoja, na kabla sijamaliza kujisifu vioo vikazima. Kwenye kioo cha dude lenyewe yakabaki maandishi meupe, yale ambayo mfumo huyatupa wakati unakufa ili fundi ajue umefia wapi. Nikayanakili ubaoni kwa chaki, mstari kwa mstari. Nikaliwasha tena, likafa tena, nikanakili tena chini yake. Maandishi yalitofautiana kila mara, isipokuwa jambo moja: kila mara mfumo ulisema umefia kwenye prosesa namba 3.

Hapo nieleze kidogo. Prosesa ndiyo inayofanya kazi ndani ya mashine, vingine vyote ni wasaidizi wake. Lile dude lilitengenezwa liwe na prosesa nne. Lilipotufikia lilikuwa na tatu tu, moja iliungua huko huko Mwanza wakaing'oa, na mimi nililiona lile tundu tupu siku ya kwanza, nikapuliza vumbi, nikalisahau. Halafu mashine haianzi kuhesabu na moja kama mimi na wewe. Inaanza na sifuri. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: prosesa ziko tatu, basi ni sifuri, moja na mbili. Mwisho.

"Hii namba tatu ni nini?" dada aliuliza, amesimama mbele ya ubao na mikono kiunoni.

"Hakuna prosesa namba tatu," nilimjibu. "Ziko tatu tu. Mashine inaweweseka."

"Inaweweseka namba ile ile kila mara?"

"Dada, niachie kazi yangu."

Niliamua kwamba kumbukumbu ya mashine imeoza, ndiyo maana inaandika upuuzi. Nikapanda bodaboda mpaka Tarime, nikaunganisha gari hadi Sirari, kwa jamaa mmoja wa ng'ambo anayeuza vifaa vilivyotumika. Alinifutia vumbi vipande vya kumbukumbu kwa shati lake. "Hizi ni poa sana, buda," alisema. "Zikikusumbua unirudishie, sisi ni majirani." Nikarudi navyo Matongo nikiwa na furaha ya bure, nikavipachika, darasa likajaa isipokuwa kile kiti kimoja, mashine ikafa. Prosesa namba 3. Nilipiga meza kwa kiganja, wanafunzi wakainama kuficha kicheko.

Kile kiti pia kilikuwa kinanikera. Kilikuwa katikati ya mstari wa pili, na kioo chake ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote. Niliwaambia wanafunzi wasogee wazibe pengo ili nipate nafasi ya kupitisha waya. Dada akakataa mbele ya wote. "Hapo ni namba kumi na moja," alisema. "Ameshasajiliwa. Namba yake ya mtihani haipewi mtu, na kumi na mbili hawezi kugeuka kumi na moja kwa sababu wewe una waya." Nikapitisha waya wangu juu ya dirisha.

Kulikuwa na njia ya mkato, na niliijaribu. Ukiwasha mfumo ukauambia utumie prosesa moja tu, ulikuwa haufi. Lakini darasa zima kunyonya kwenye prosesa moja, jamani. Mwanafunzi anabonyeza herufi, anajikuna, anamnong'oneza jirani, ndipo herufi inatokea. Dada alikaa kwenye kioo kimoja akaandika jina lake, akasubiri, akaniangalia. Kwa mwendo ule hakuna ambaye angemaliza hata swali la kwanza.

Basi nikashikilia palepale, kwamba ni kumbukumbu. Nilitaka kuipima sehemu zote, na kazi hiyo hula siku nzima. Jenereta ya shule ilikuwa haiwezi siku nzima. Ikichemka inazima.

"Nenda kwa baba yake," dada alisema. Hakuhitaji kusema baba wa nani. "Ana jenereta ya pampu ya kutoa maji shimoni, nzima kabisa. Na umsalimie vizuri, usimletee kiburi chako cha mjini. Yuko duara namba nne, ule mteremko wa nyuma ya kilima. Yamepangana tu, huwezi kupotea."

Nikatembea. Nilikuwa na hasira lakini asubuhi ilikuwa nzuri, mahindi yamesimama pande zote za njia, ng'ombe wanapishana na watu wenye viroba vya mawe vichwani, na kila baada ya hatua chache mtu ananiita mura, yaani kijana, na kuniuliza kama nami nimeamua kuja kuchimba. Nilifika mteremkoni. Maduara yalikuwa yamepangana kweli, kila moja na miti yake ya kuegemeza na turubai lake juu. La kwanza, la pili, la tatu. Baada ya la tatu palikuwa na nyasi na mbuzi. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena, nikahesabu upya. Kuuliza nisingeuliza. Mtoto wa hapa, nimezaliwa hapa, nianze kuulizia mashimo kama mgeni wa jana! Nikageuza nikarudi shuleni juani, shati limenigandia mgongoni.

"Umempata?" dada aliuliza.

"Hakuna duara namba nne," nilisema. "Yako matatu tu."

Dada alinitazama kwanza kuona kama natania. Kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Duara la tatu lilititia masika," alisema. "Watu walikuwa wanakula, Mungu akasaidia, hakuna aliyeguswa. Wakalifukia. Lakini namba nne ni namba nne, mdogo wangu. Ulitaka wampe mzee namba ya shimo lililokufa? Ulipita mbele yake, nakuambia. Ulimhesabu kuwa wa tatu."

Ninakumbuka nilitaka kumjibu kitu cha ukali. Nilifungua mdomo, na macho yangu yakaangukia ubao uliokuwa nyuma yake, na chaki yangu, na namba 3 imejipanga pale mara zote nilizoinakili. Hakuna prosesa namba tatu, ziko tatu tu. Nilikuwa nimesema maneno hayo hayo. Nilikuwa nimeyasema kwa sauti hiyo hiyo ya mtu anayejua.

Nikamwacha dada anacheka, nikaenda kwenye kona nikafungua ubavu wa dude. Tundu tupu lilikuwa la tatu katika mstari. Ukianza na sifuri, hilo ni tundu namba mbili. Prosesa iliyokuwa baada yake haikuwahi kusogea wala kubadilishwa namba. Ilikuwa namba tatu tangu ilipozaliwa, na ilikuwa bado ni namba tatu. Zetu zilikuwa sifuri, moja, na tatu.

"Dada," niliita. "Mashine haiweweseki."

"Sasa nani anaweweseka?"

Nikacheka na mimi. Nilijisikia mwepesi, nilitamani kumkumbatia mtu, hata mwalimu mkuu.

Mchana ule niliusoma mfumo wenyewe ulivyoandikwa, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo sisi mafundi tunaiita keneli, ndiyo inayogawa kazi kwa prosesa. Sasa nilijua ninatafuta nini, na anayejua anatafuta nini hachelewi. Mwandishi wake, popote alipo duniani, alikuwa ameuliza swali moja mwanzoni: mko wangapi? Akajibiwa watatu. Akatenga nafasi tatu za kuwekea mambo yao, sifuri, moja na mbili, akafurahi. Baadaye prosesa namba tatu anakuja kutafuta nafasi yake. Nafasi namba tatu haipo, haikujengwa, lakini yeye anakwenda palepale ilipopaswa kuwa, anaweka mizigo yake juu ya mali ya jirani, na jirani akija kuchukua mali yake anakuta takataka. Hapo ndipo mfumo unakufa. Wanafunzi wakiwa wachache namba tatu alikuwa hapewi kazi, analala. Darasa likijaa anaamshwa. Kumbe yule mwandishi na mimi tulikuwa ndugu kabisa: alihesabu watu akadhani ameshajua majina yao.

Dawa haikuwa ndefu. Badala ya kuuliza mko wangapi, nikaandika aulize namba kubwa kuliko zote ni ipi, atenge nafasi mpaka hapo, na nafasi ya asiyekuwepo ibaki wazi. Lakini keneli haibadilishwi kwa kuandika tu. Inabidi uipike upya yote, na kwa prosesa moja ingepikwa siku nzima. Bado nilihitaji jenereta ya mzee.

Nilirudi mteremkoni nikaenda moja kwa moja kwenye turubai la tatu. "Shikamoo tata," nilisema, maana kwetu mtu wa rika la baba unamwita baba.

"Marahaba, mura. Wewe si ndiye uliyepita hapa asubuhi ukatuhesabu kama mbuzi ukaondoka?"

Vijana waliokuwa wanavuta kamba wakacheka mpaka ndoo ikayumba. Nikamweleza yote, hata sehemu inayoniaibisha, maana niliona bila hiyo haitaeleweka. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Aliponiuliza swali, halikuwa juu ya mashine.

"Nikikupa jenereta, maji yanajaa shimoni. Kuyatoa tena ni kazi ya siku kadhaa. Unalijua hilo?"

"Nalijua, tata."

"Na ikifa tena?"

Mdomo wangu, safari hii, haukutangulia. "Ikifa tena nitakuja kukusaidia kutoa maji kwa ndoo," nilisema.

Pembeni binti yake alikuwa ameinama kwenye karai anazungusha mchanga, maji yanamwagika taratibu ukingoni. Alinisalimia bila kuinuka. Nilipokuwa naondoka aliuliza, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie, "Kile kiti changu amekaa nani?"

"Hakuna mtu. Dada hataki."

Akaendelea kuzungusha karai, lakini nilimwona anatabasamu peke yake. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Njia nzima nilikuwa naomba nisiwe nimekosea.

Jumamosi asubuhi mzee alikuja na jenereta juu ya mkokoteni, akaja nayo mwenyewe, kwa sababu alisema hamwachii mtu wa kompyuta kitu chenye injini. Aliketi nje chini ya dirisha siku nzima, anasikiliza mlio wake na kuongeza mafuta. Dada alimpelekea chai na viazi. Ndani keneli ilikuwa inapikwa, mistari inapanda kwenye kioo, na mimi sina cha kufanya ila kuangalia. Zilikuwa saa tamu. Sijui kama nimewahi kustarehe namna ile kazini, hata baadaye nilipopata kazi kubwa.

Alasiri nikawasha mfumo mpya. Haukufa. Ulisimama. Uliandika mistari michache ya mwanzo, kisha ukaganda, mshale unametameta mahali pamoja. Mzee aliingiza kichwa dirishani.

"Imekufa?"

"Haijafa, tata. Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

Hilo ndilo nililojiuliza mpaka dada alipoingia na daftari lake la mahudhurio chini ya kwapa. Nilikuwa nimemsikia akiita namba asubuhi zote zile. Anaita, akikosa jibu anasema "hayupo," anaendelea. Keneli yangu mbele kidogo ilikuwa inazungukia prosesa zote na kuziita, na sasa nafasi zilikuwa nne, kwa hiyo ilimwita sifuri, ikamwita moja, ikamwita namba mbili ambaye aliungua Mwanza, ikakaa inamsubiri aitike. Ingemsubiri mpaka Yesu arudi. Nilikuwa nimemwekea marehemu kiti, sikuiambia kwamba ni marehemu. Nikaongeza maneno machache: kama hayupo, pita. Mzee akasema jenereta itabaki mpaka kesho, na maji shimoni yashajaa hata hivyo.

Jumapili tukapika tena. Wanafunzi walitoka kanisani wakaja na nguo zao za kanisani, wakakaa mmoja mmoja, na mimi nimesimama kwenye kona nimekunja ngumi. Wakafungua kazi zote walizoweza kufungua. Niliangalia orodha ya prosesa kwenye kioo changu: sifuri anafanya kazi, moja anafanya kazi, tatu anafanya kazi. Ikapita nusu kipindi. Kikapita kipindi kizima. Mashine ikakaa macho.

Dada alitoka nje akasimama mbele ya mzee. "Umeona," alisema.

Mzee alinyoosha shingo akatazama ndani, mstari kwa mstari. Ilimchukua muda. "Nilisema darasa likijaa," alisema. "Kile kiti pale ni kitupu."

"Kile ni namba kumi na moja," dada alisema. "Ni cha binti yako. Sikumpa mtu."

"Ungemweka mwingine, lijae."

"Shimo la tatu lilipotitia, mlimpa nani namba yake?"

Mzee alifuta mikono kwenye suruali yake, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka. "Halitajaa bila yeye," dada alisema. "Hata nikae na mashine hii miaka kumi." Mzee alichukua kofia yake juu ya jenereta, akaondoka kwa miguu, na jenereta akaiacha inanguruma. Tulimtazama mpaka alipokata kona ya mahindi. Dada akaniuliza kama amesema vibaya, nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Jumatatu msimamizi wa mtihani alikuja kutoka wilayani, mama mmoja mwembamba, mkali, mwenye miwani. Mwalimu wa somo haruhusiwi ndani, kwa hiyo dada alikuwa nje na mimi, karibu na jenereta, anazungusha pete yake kidoleni. Tuliyasikia yote kupitia dirishani. Msimamizi alipitisha macho juu ya vichwa, akasema naona mmetimia, kisha akaanza kuita namba kwa utaratibu. Moja. Yupo. Mbili. Yupo. Dada alikuwa anazifuata kwa midomo bila sauti. Kumi, yupo.

"Kumi na moja."

Dada akaacha kuzungusha pete.

"Kumi na moja," msimamizi akarudia, na tukasikia karatasi ikigeuzwa. "Huyu hayupo."

"Yupo."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, na mkono wa pili ameushika mkono wa binti yake, kama alivyoahidi. Sare ya binti ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kwenye kucha bado kulikuwa na udongo mwekundu wa shimoni. "Yupo, mama," mzee alisema tena. "Tulikuwa tunatafuta kiatu cha pili."

Binti alipita kati ya meza akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, akakaa, akagusa kibodi, na kioo chake kikawaka. Hapo ndipo darasa lilipojaa kweli, na hapo ndipo mimi nilipoacha kupumua, maana lile dude lilikuwa bado halijawahi kulibeba darasa lote. Dada alinishika bega kwa kucha zake zote.

Mzee alikuja akasimama karibu nasi, akatega sikio. Alikuwa anasikiliza jenereta, au labda mashine, sijui.

"Imekufa?" aliuliza.

"Haijafa, tata."

Akasikiliza tena, kwa muda, kisha akatafuta pa kukaa. Nikamsogezea dumu tupu la mafuta, nikamwambia akae upande huu, huku hakuna moshi.